Mabibi Wawili Juu ya Mlima Koya

Binti yangu alijifungulia Osaka, na mie nikafunga safari kutoka London kwenda kumlea. Kwetu Unguja mwanamke akizaa, mama yake ndiye anayekaa naye mpaka arobaini: anamkanda kwa maji moto, anamfunga mkaja tumboni, anampikia uji wa pilipili manga, anambeba mtoto ili mzazi apate usingizi. Mie mwenyewe sikupata bahati hiyo. Nilipomzaa binti yangu hapa London, mama yangu alikuwa Unguja, na miaka ile, baada ya mapinduzi, kutoka kisiwani hakukuwa jambo la kukata tikiti tu ukapanda ndege. Aliyenilea ni jirani yangu wa Kingsbury, Mgujarati mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa akinigongea mlango na sufuria ya dengu iliyofungwa taulo isipoe, akinambia, "Kula, mama, upate maziwa." Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu kunambia ana mimba, kabla hajamaliza kusema nilikwisha amua.

Nilikuwa nimestaafu. Miaka mingi nilifanya kazi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, nikisimama getini na koti la rangi ya chungwa, nikiwaelekeza watalii na kuwaomba radhi abiria kwa treni ambazo sikuzichelewesha mimi. Sasa nafasi ninayo, na magoti bado yananisikiliza. Nikaenda Kingsbury Road, nikanunua mdalasini, habasoda, tangawizi kavu, pilipili manga na mafuta ya nazi, nikavipanga sandukuni pamoja na kanga za mkaja. Ofisa wa forodha wa Osaka alilifungua sanduku lile, akapiga chafya, akalifunga, akaniashiria nipite.

Nilichosahau ni kuwa mtoto ana bibi wawili.

Mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu, alikuwa mjane kama mie. Mwanamke mfupi, mgongo umenyooka, nywele za mvi zimekatwa usawa wa masikio. Alifanya kazi posta mpaka akastaafu. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, siku ya nikaha London, tukainamiana na kupeana mikono mpaka watu wakacheka. Sasa tulikuwa sote wawili ndani ya fleti ndogo, jiko moja, mtoto mmoja.

Hatukugombana. Hatukuwa hata na lugha ya kugombania. Mie nikiteleka uji wa pilipili manga, yeye anateleka uji wa mchele mweupe na kuuwekea kipande cha mwani juu. Nikifunga dirisha mzazi asipigwe na upepo, nikigeuka naliona liko wazi. Mie namuogesha mtoto asubuhi, yeye anamuogesha tena jioni, kana kwamba kule kwa asubuhi kulikuwa mazoezi tu. Na nikimlaza mtoto akapata usingizi, yeye huja kwa kunyata, huinama juu ya kitanda, huweka kidole chini ya pua ya mtoto, husimama hapo kidogo, kisha huondoka. Asubuhi, mchana, jioni. Hilo liliniudhi kuliko yote.

"Mtoto kalala, bibi, muache alale," nilimwambia siku moja kwa Kiswahili. Akaniinamia kwa adabu, na baada ya muda akarudi tena.

Alipokuwa hana kazi alikaa pembeni akishona. Nilimwona anashona kitambaa cha shingoni, kile wanachofungwa watoto kuzuia mate, chekundu kuliko damu, kina kamba mbili za kufungia nyuma. Nikadhani ni cha mjukuu wetu. Rangi haikunipendeza, lakini nikamuonyesha kidole gumba, nikasema kizuri. Akatabasamu, akakikunja, akakitia mkobani mwake.

Arobaini ikatimia, na subira ya binti yangu ikaisha nayo. Asubuhi moja alikuwa amekaa kitandani, mbele yake mabakuli mawili ya uji, moja jeupe na moja la kahawia, na sisi tumesimama kila mmoja upande wake.

"Mum, please," akasema. Mengine pia aliyasema kwa Kiingereza, maana tangu utotoni mie humsemesha kwa Kiswahili naye hunijibu kwa Kiingereza. Alisema anatupenda sote wawili. Alisema hajapata kushiba hivi maishani mwake. Alisema angeomba siku chache tu awe peke yake na mumewe na mtoto, waone kama wanaweza.

Mumewe, kijana mpole aliyesoma London, alikuwa kashapanga. Mama yake kila mwaka, majani yanapogeuka rangi, huenda Mlima Koya, mlima mtakatifu ulio kusini ya Osaka, umejaa mahekalu ya Kibuda na njia za kutembea msituni. Safari hii angefurahi kupata mwenzake.

"Mama yako kasema hivyo, au wewe?" nikamuuliza.

"Kasema una miguu ya kutembea," akanijibu. Nikajua kweli ni maneno ya mama yake.

Kabla ya kuondoka nilimpigia dada yangu mkubwa. Yeye anakaa Thornton Heath, na mie sijapata kufanya jambo kubwa bila kumwambia. Nikamweleza kuwa tunakwenda mlimani na tutalala hekaluni.

"Wewe," akasema, "umekosa hoteli Japani nzima?"

"Kule wageni wanalazwa na mahekalu, dada. Ndiyo desturi yao."

"Na swala zako?"

"Nitaswali chumbani mwangu."

Nikasikia televisheni yake ikizungumza nyuma.

"Na chakula?"

"Mboga tupu. Masufii wao hawali nyama, hawali hata samaki."

"Maskini!" akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya huruma. "Basi chukua biskuti."

Tuliondoka asubuhi kwa treni. Mie treni nazijua, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kazini: kondakta aliyevaa glavu nyeupe, aliyenyoosha kidole kuelekea kila taa na kuitaja kwa sauti peke yake, na treni iliyoondoka wakati uleule iliyosema itaondoka. Nikaona wivu. Mji ukabaki nyuma, nyumba zikawa chache, vilima vikaanza kutubana kulia na kushoto. Mkwe mwenzangu alikuwa amekaa mbele yangu na kofia ya nguo kichwani na mkoba mgongoni. Ghafla akatoa simu yake, akaisemesha Kijapani, akaninyooshea. Simu ikasema, kwa sauti ya mwanamke asiyekuwa na pumzi:

"Karibu mama wa bibi arusi. Leo mimi ni mpagazi wako."

Nikacheka mpaka kondakta akanitazama. Kiswahili! Nikamuuliza, kwa simu hiyohiyo, kwa nini hakuchagua Kiingereza, maana Kiingereza nakijua. Alifikiri, akaisemesha tena.

"Mwanangu anasema Kiingereza ni lugha yako ya kazini," simu ikasema. "Mimi ninataka lugha yako ya nyumbani."

Nimeishi London zaidi ya nusu ya umri wangu, nimemlea mtoto kwa Kiswahili akanijibu kwa Kiingereza, na sasa mwanamke wa posta ya Osaka ananitafuta kwa lugha ya mama yangu kupitia kijikebe cha simu. Nikamwambia ahsante. Simu ikamwambia ilivyojua yenyewe, naye akainama.

Reli ilipokwisha tukapanda behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma, likatupandisha mteremko mkali kiasi cha kuwa mbele yangu naona miti na nyuma naona vichwa vya miti. Tulipotoka juu, baridi ikanishika masikio kupitia mtandio. Hewa ilinukia utomvu wa mierezi. Nilitazamia kilele, lakini juu ya mlima ule kuna bonde, na bondeni mna mji mzima: mahekalu yenye mapaa mazito, maduka ya ubani, shule, kituo cha zimamoto, na vilele vimeuzunguka kama watu waliokaa kitako kusikiliza mawaidha. Majani ya miti mingine yalikuwa mekundu na ya manjano, na jua la vuli likipita katikati yake.

Hekalu letu lilikuwa na mlango wa mbao na ua wa changarawe uliochorwa mistari kwa reki. Mtawa aliyetupokea alikuwa kijana, kichwa kimenyolewa, miwani ya mviringo, Kiingereza chake kizuri. Tukavua viatu mlangoni, akatupa ndala, akatuonyesha chumba cha mikeka minene na milango ya karatasi. Nikamwambia kwa upole kuwa mie ni Muislamu, na kwamba nataka kujua upande wa kibla. Hakuona ajabu. Alikwenda akarudi na dira, akaiweka sakafuni, sote watatu tukaiinamia kama watoto wanaotazama mdudu. Magharibi, kaskazini kidogo. Ukuta wa upande huo ulikuwa na picha ndefu ya karatasi, imechorwa mmoja wa watakatifu wao. Mtawa aliitazama picha, akanitazama mie, akaikunja polepole kuanzia chini mpaka juu, akaondoka nayo. Sikuwa nimesema neno.

Nikaswali adhuhuri na alasiri. Nilipotoa salamu, mkwe mwenzangu alikuwa amekaa nje ya mlango wa karatasi, kivuli chake kimetulia, ananisubiri.

Alasiri hiyo alinipeleka makaburini. Ni msitu wa mierezi mikubwa sana, shina moja watu kadhaa hawalifumbati, na chini yake makaburi ya mawe maelfu kwa maelfu, ya masultani wao wa zamani na ya watu wasiojulikana, yamefunikwa na majani mafupi laini ya kijani kama zulia. Njia ya mawe inapita katikati. Watu wanatembea kimya. Mie makaburi hayanitishi; mume wangu amelala kwenye ardhi ya London, na nikienda kumsomea Fatiha huwa narudi nyumbani nimepumzika. Humo msituni nilijiona hivyohivyo, mtulivu, mikono nyuma, nikimfuata bibi mwenzangu.

Kisha yeye akaacha njia. Kando, chini ya mti, palikuwa na sanamu ndogo za mawe, nyingi, zimepangwa kama watoto wa chuoni, nyuso za kitoto, macho yamefumbwa. Na kila moja imefungwa shingoni kitambaa chekundu.

Akafungua mkoba, akatoa kile alichokishona. Akachagua sanamu moja, akavua kitambaa cha zamani kilichopauka kwa mvua, akakunja vizuri, akafunga kile kipya. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena mpaka likakaa sawa. Kisha akanipa simu, na sauti ile isiyokuwa na pumzi ikasema:

"Mtoto wangu wa kwanza. Msichana. Hakulia."

Mara hii simu haikukosea kitu. Nikasimama pale na kile kidole chake kikanijia akilini, kile alichokuwa akikiweka chini ya pua ya mjukuu wetu asubuhi, mchana, jioni, na mie nikimwambia amuache alale.

Niliiweka simu mfukoni. "Pole, mama," nikamwambia kwa mdomo wangu. "Pole sana." Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nikaupasha kwa yangu miwili. Nikainua mikono nikamuombea dua yule msichana kwa Kiarabu, na yeye akafumba macho, akaweka viganja pamoja. Hatukulia. Tulikaa pale mpaka ubaridi ukaanza kupanda kutoka kwenye mawe, ndipo akanigusa bega, tukarudi.

"Po-re," akasema njiani, akilijaribu neno.

"Pole," nikamsahihisha.

"Pore," akasema, ameridhika nalo.

Kabla ya chakula ilikuwa lazima kuoga, na bafu la hekalu ni moja la wanawake wote, birika kubwa la maji ya moto ambamo wageni huingia pamoja bila nguo. Nilipoelewa hilo nilisema mie nitanawa tu. Bibi mwenzangu alikwenda kuzungumza na mtawa, akarudi na kigoda. Akakiweka nje ya mlango wa bafu, akakikalia, akaniashiria niingie. Nikaoga peke yangu kama malkia, maji mpaka kidevuni, na kila nikisikia nyayo ukumbini nilimsikia naye akimwambia mtu jambo kwa sauti ya posta, ile ya kumwambia mteja dirisha limefungwa.

Chakula kililetwa kwenye sinia nyekundu fupi. Sikuihitaji ile biskuti. Kulikuwa na kitu cheupe laini cha ufuta, kinayeyuka ulimini, kulikuwa na jibini ya maharage ya soya iliyokaushwa kwa baridi kisha ikachemshwa mpaka imenywa mchuzi kama sponji, mboga za kukaanga nyepesi, wali, supu, achari za aina tatu nne. Mtawa alinihakikishia hakuna pombe hata tone kwenye mchuzi. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa kashapiga simu mapema kuuliza. Nikala vyote. Mkwe mwenzangu akanitazama ninavyokomba bakuli, akaisemesha simu.

"Unakula kama mtu wa reli," simu ikasema.

Alfajiri nilipomaliza kuswali nikasikia ngoma, kisha sauti za watawa zikisoma pamoja, nzito, zinapanda na kushuka bila kupumzika. Nilikwenda nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, mtandio wangu umefunika mabega. Maneno sikuyajua, lakini ule mtindo wa watu wengi kusoma pamoja, mmoja akivuta pumzi mwenzake anaendeleza, naujua tangu utoto, kwenye hitima za nyumbani kwetu. Bibi mwenzangu alikuwa mbele, mgongo wake umenyooka. Nikajiona niko mahali pema.

Baada ya staftahi alinifungia kengele ndogo ya shaba kwenye mkoba wangu na nyingine kwenye wake. Njia tutakayopita, akanieleza, ni ya wanawake. Nikauliza kwa nini. Akanipeleka mpaka mwanzo wa njia, palipo na kijumba cha mbao cha zamani, giza ndani, kinanukia ubani.

"Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuingia mlimani," simu ikasema. "Walifika hapa tu. Walilala hapa. Halafu walipita juu, kilele kwa kilele, wakizunguka mahekalu na kuyatazama kwa chini."

"Wote?"

"Wote. Mama wa bibi yangu alizunguka na mtoto mgongoni. Alitaka kumuonyesha."

"Wakayaona?"

Akasikiliza swali langu likitoka kwenye simu, akaanza kucheka kabla hajajibu.

"Siku hiyo palikuwa na ukungu."

Nilimhurumia yule mama na mtoto wake, na papo hapo nilicheka naye. Kisha nikauliza kengele ni za nini. Akanionyesha kibao kilichopigwa msumari mtini, kimechorwa dubu.

"Dubu?"

"Dubu ana haya," simu ikasema. "Anapenda kusikia habari zako mapema."

Nimezaliwa kisiwa ambacho mnyama mkubwa wa kuogopwa ni ng'ombe wa jirani. Lakini mkwe mwenzangu alikuwa kashaanza kupanda, na mie sikutaka kubaki peke yangu na kibao. Tukaenda. Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imeivuka kama kamba, majani makavu yanateleza. Yeye alipanda kwa hatua fupifupi zisizobadilika. Mie nilipanda kwa kushika miti na kumtaja Mungu. Juu ya kilele cha kwanza simu yake ikapoteza mtandao. Aliinyanyua juu, akaizungusha, akaitia mfukoni, akainua mabega. Tangu hapo kila mtu akasema lugha yake. Mie nilimwambia habari za Unguja, baraza la nyumba yetu, mama yangu alivyokuwa akikuna nazi huku akitupangia kazi. Yeye akaniambia mambo ambayo sijui ni nini mpaka leo, lakini palikuwa na mume ndani yake, nadhani, na baiskeli, kwa sababu alikanyaga pedali hewani. Tulikuwa tukiitikiana vizuri tu.

Katikati ya njia niliona kengele yangu haipo. Kamba ilikatika, imeanguka huko nyuma. Na wakati uleule, ndani ya kichaka cha mianzi upande wa kushoto, kitu kikavunja kijiti. Kikanyamaza. Kikavunja kingine.

Mkwe mwenzangu alinishika mkono wa shati. Akatikisa kengele yake kwa nguvu. Kile kitu kikazidi kuja. Akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, na wimbo wenyewe naujua, ndio aliokuwa akimbembelezea mtoto jioni baada ya kumuogesha. Mie nikaona siwezi kumuachia peke yake, nikaanza wangu, ule wa mama yangu, kwa sauti ya mtu anayetangaza treni imefutwa. Bibi wawili, mlimani, tunambembeleza dubu kwa nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuufuata wa mwenzake.

Mianzi ikafunguka, akatoka mzee wa Kijapani mwenye kikapu cha uyoga, uso wake umejaa hofu kuliko sisi. Akatutazama, akavua kofia, akainama. Sisi tukainama. Mkwe mwenzangu alimweleza jambo refu sana, mzee akaitikia kwa heshima, akatuonyesha njia mbele kwa kidole, akajiondokea mbiombio. Alipopotea tu, bibi mwenzangu alikaa chini juu ya mzizi akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mie nikaegemea mti kwa sababu ubavu uliniuma. Kila tukitaka kusimama mmoja huanza tena.

Kilele cha mbele miti iliachana, na chini tukaliona bonde lote: mapaa, moshi mwembamba wa ubani, ncha nyekundu ya mnara wa hekalu imejitokeza katikati ya mierezi, na sauti ya kengele kubwa ikitufikia ikiwa imechelewa kidogo. Hapakuwa na ukungu. Alisimama akitazama kwa muda, mikono imeshika kamba za mkoba, kama mtu aliyebeba mtoto.

Tulikula mabonge ya wali chini ya lango kubwa jekundu la mji, mahali njia inaposhuka. Magoti yangu sasa yalikuwa yameacha kunisikiliza. Nikatoa kichupa cha mafuta ya nazi nikaanza kujikanda. Yeye akanipokonya kichupa, akayanusa mafuta, akaniondoa mikono, akanikanda yeye, kwa vidole gumba vyenye nguvu, barabara, watalii wakipita. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimkanda binti yangu, na yeye alikuwa akitazama kumbe akijifunza.

Tuliporudi Osaka binti yangu alitufungulia mlango, mtoto begani, nywele hazijachanwa, amechoka na amefurahi.

"Mlizungumza nini siku zote hizo?" akauliza. Kwa Kiingereza.

"Mambo ya mabibi," nikamwambia.

Jikoni tulianza kupika uji mmoja, mchele wake na pilipili manga yangu. Mkwe mwenzangu alipokwenda kitandani kwa mtoto kuweka kidole, nilikwenda naye, na alipomaliza yeye nikaweka changu. Pumzi ya mtoto ni kitu kidogo na cha moto. Nilimsimulia dada yangu kwa simu yote haya, na kitu alichotaka kujua zaidi ni kama yule mtawa ameoa.

Mwaka uliofuata walikuja London wote wanne, na mtoto anatembea. Nilimtembeza bibi mwenzangu Kingsbury Road, akasimama kwenye kila duka la mboga, akashika karela, akashika bamia, akanusa majani ya mvuje, akataka kujua kila kimoja kinapikwaje. Jirani yangu wa Mombasa, mzee sasa lakini ulimi wake bado mwepesi, alitukaribisha chai ya tangawizi, na simu ikawa na kazi mara tatu. Nyuma ya mitaa yetu pana kilima chenye kidimbwi juu yake, na wenyeji huenda huko kutembea. Tukakipanda pole pole, mtoto mgongoni mwa bibi mwenzangu, amefungwa kwa kanga yangu. Juu aliangalia huku na huku, majumba, reli, uwanja wa mpira kule mbali, akauliza kama mlima huu nao ni mtakatifu.

Nikamwambia hapana, watu huja kutembeza mbwa.

Akafikiri. Kisha akamteremsha mtoto chini kwenye majani, akaketi, akavua viatu.